Koti la Kwendea Geneva

Jumatatu, 2 Juni 2025. Kigera, Musoma.

Siku kubwa! Nimeanza shajara leo kwa sababu mtu anayekwenda Geneva anapaswa kuacha kumbukumbu. Bado sijaambiwa kwamba ninakwenda. Hilo ni suala la utaratibu tu.

Mambo yako hivi. Dk. Susana, bosi wetu kutoka Dar es Salaam, alitukutanisha asubuhi Buhare, katika chumba cha kupanga tunachokiita ofisi. Utafiti wetu ni wa biashara ya kimataifa na maendeleo. Kwa lugha ya mtaani: vijana wa Butiama wanakuja ziwani na kufanya biashara ya mabondo, yaani kile kibofu cha hewa kilichomo ndani ya sangara. Mabondo yanakwenda China kwa bei ya kutisha, fedha zinarudi Musoma, kisha zinapanda hadi kijijini. Zikifika huko zinageuka nini? Dk. Susana anahisi zinageuka ng'ombe. Sisi tunatakiwa kumthibitishia au kumkatalia.

Wasaidizi tuko wawili. Wa kwanza mimi, Prosper, shahada mbili, Kiingereza cha kumwaga na sura ya kimataifa. Wa pili ni Keraryo, mtu wa Kabasa kule Bunda. Anapiga pasi mpaka soksi. Ukimuuliza kitu ananyamaza kwanza kana kwamba anasali. Mwisho wa mwezi kuna mkutano mkubwa Geneva. Viza tumegongewa wote, ila tiketi ni moja. Atakayeleta takwimu bora za ng'ombe ndiye atakayesimama na Dk. Susana mbele ya mataifa.

Tukagawana maeneo. Mimi nilitaka Butiama, ndiko kwenye mazizi ya maana. Nilijiandaa kwa ugomvi mkubwa, na hoja nilikuwa nazo. Keraryo akasema nichukue tu, yeye atabaki Bunda. Alisema hivyo huku anatazama viatu vyake. Bwege! Nimemzidi ujanja kabla hata ya chai.

Jioni nikapitia mitumbani, nikanunua koti la Geneva. Zito, rangi ya majivu, kola ya manyoya. Dada Judith, ambaye ninakaa kwake, aliuliza kama ninakwenda mkutanoni au ninapelekwa mnadani na kondoo. Nimemsamehe. Hajawahi kusafiri.

Jumatano, 4 Juni. Butiama.

Kijiji hakina ng'ombe!

Nimezunguka na dodoso langu tangu asubuhi. Nyumba ya kwanza, mama akasema ng'ombe hawana. Ng'ombe akalia nyuma ya nyumba. Nikauliza huyo ni nani. Akasema ni wa jirani. Nikaenda kwa jirani, zizi limejaa hadi mlangoni. Jirani akasema hao wamepita tu. Wanaelekea wapi, hakujua.

Mwenye zizi kubwa kuliko wote ni Mzee Magige. Alinipokea vizuri sana, akanipa kiti cha mgongo, na binti yake akaniletea maziwa ya mgando. Binti anaitwa Robi, ni mwalimu wa hesabu sekondari. Nikamuuliza mzee ana ng'ombe wangapi. Akanitazama kama nimemuuliza atakufa lini.

Akasema, "Kijana, sisi hapa hatuhesabugi ng'ombe. Ukihesabu, wanakwisha."

Nikamweleza kwamba kisayansi jambo hilo halijathibitishwa. Akajibu kuwa hata yeye hataki lithibitishiwe kwake.

Nimejaza sifuri nyumba zote. Nilikuwa nimekata tamaa kabisa, halafu nikiwa kwenye gari la kurudi mjini wazo likanijia. Sifuri pia ni takwimu! Nimeandika ripoti ya haraka yenye kichwa: "Jinsi Biashara ya Kimataifa Ilivyomaliza Ng'ombe wa Butiama." Geneva watasimama wima. Nimeituma.

Alhamisi, 5 Juni.

Dk. Susana amepiga simu. Ameniuliza maziwa niliyokunywa kwa Mzee Magige yalitoka kwa mnyama gani. Nikasema dodoso halina swali hilo.

Anasema Keraryo anaendelea vizuri Bunda. Nikauliza kwa mbinu gani. Eti anakaa na watu, anamenya nao mihogo, wala hawaulizi lolote mpaka waanze wenyewe. Utafiti gani huo? Mimi sikusoma miaka yote ile ili nimenye mihogo.

Sina raha. Nimelitazama koti pale ukutani. Nimeshawaambia watu wote wa Kigera kwamba ninakwenda, mpaka fundi viatu.

Ijumaa, 6 Juni.

Nimepata! Nimepata!

Judith amerudi kutoka kikao cha mahari cha binti wa jirani, anacheka peke yake. Anasema wajomba wa binti walitaja ng'ombe wao mmoja mmoja, rangi na maumbile, ili upande wa kiumeni ujue huyo msichana hakukulia kwenye nyumba ya chai ya rangi. Mjomba mmoja, ambaye juzijuzi aliwaapia watu wa chanjo kwamba hana hata ndama, alitaja zizi zima na la kaka yake juu.

Nilisimama ghafla, bakuli la ugali likaniponyoka. Ndiyo hivyo! Mtafiti hawamwambii, ila mshenga hata hawamsubiri aulize.

Kwa hiyo Prosper mtafiti apumzike kidogo. Prosper mshenga anakwenda Butiama kumposea binti mtu fulani. Ng'ombe watajitaja wenyewe, kisha posa itakufa taratibu, kama zinavyokufaga posa nyingi. Nimemwuliza Judith mshenga anavaaje. Akasema anavaa heshima, na hiyo mimi sina. Nitavaa koti.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste.

Judith aliwaambia wanakwaya kuhusu safari. Nami sikuwakataza. Baada ya ibada nikaitwa mbele niombewe. Nilikuwa nimevaa koti ili watu waone jambo lenyewe lina ukweli. Jua la Musoma leo halikuwa na huruma. Wanakwaya walipoona jasho linanitiririka na miguu inatetemeka, walidhani Roho ameshuka, wakaongeza pambio. Wakaongeza tena. Karibu nianguke.

Sasa siwezi kurudi nyuma. Mtu aliyeombewa safari mbele ya kanisa zima akibaki mtaani, atapita wapi?

Jumanne, 10 Juni. Butiama.

Nimefanya kazi ambayo vyuo havifundishi!

Nilifika kwa Mzee Magige na koti langu. Kosa la kwanza: alinikumbuka. Akauliza kama si mimi yule wa dodoso. Nikakohoa, nikasema dodoso lilikuwa la kupitia tu, mshenga makini huichungulia nyumba kwanza. Mzee akacheka mpaka akafuta macho. Akasema alijua tangu siku ile. Mtu mwenye akili zake hawezi kutoka Musoma mpaka Butiama aje kuuliza ng'ombe bila kuwa na shida ya mke.

Wakaitwa ndugu. Jamani! Watu walewale wa sifuri! Yule aliyesema ng'ombe wamepita tu kumbe ni baba mdogo wa Robi. Wamekaa uani karibu na ghala la mtama, kila mmoja anamkatiza mwenzake. Fulani ana fahali ambaye majirani wanamkopa. Fulani aliuza mabondo msimu mmoja akashusha mitamba ya kujaza lori. Mkono wangu mfukoni unarekodi kwenye simu. Kisha kila mmoja akataka anipeleke malishoni akanionyeshe wa kwake. Mzee Magige alinipeleka asubuhi, baba mdogo mchana, na ndugu yao wa tatu jioni. Nikawapiga picha mmoja mmoja, mkono juu ya mgongo wa ng'ombe, tabasamu mpaka masikioni. Niliwaambia bwana harusi atapenda kuona.

Hatari pekee ni shangazi Wegesa, dada yake Mzee Magige. Huyu hakujisifia kitu. Alikuwa anauliza tu. Ukoo gani? Dhehebu gani? Anakunywa? Akinywa anarudi nyumbani au anarudishwa? Nikajibu vizuri yote. Mwisho akauliza, huyo kijana anaitwa nani?

Sikuwa nimeandaa jina! Nimeandaa ukoo, nimeandaa dhehebu, jina sina. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Keraryo. Wa Kabasa, Bunda."

Robi alikuwa ananimiminia maziwa. Yakamwagika yote kwenye koti. Akaingia ndani bila hata kuomba radhi. Maskini, jina tu limemchukiza.

Nikitafakari, si jina baya hata kidogo. Wiki ijayo nitarudi niseme kijana amebadili mawazo. Lawama zitamwendea Keraryo, takwimu zitabaki kwangu. Wakati mwingine mdomo wangu una akili kuliko mimi.

Jumatano, 11 Juni.

Nimejumlisha. Kama takwimu zangu ni sahihi, na ni sahihi, Butiama ndiyo tajiri kuliko Musoma na Bunda zikiunganishwa. Dk. Susana ameandika ujumbe wa neno moja: "Kweli?" Hiyo ni furaha ya kisomi.

Nimegundua na jambo la ziada. Katika picha zote tatu yupo ng'ombe wa kahawia mwenye pembe moja, ile nyingine imekatikia karibu na sikio. Kwa Mzee Magige yupo. Kwa baba mdogo yupo. Kwa yule wa tatu yupo. Nadhani ni mbegu mpya, imetokana na fedha za mabondo. Nimeiandikia aya nzima kwenye ripoti. Keraryo hatakuwa na kitu cha namna hii kwenye mihogo yake.

Alhamisi, 12 Juni.

Balaa!

Shangazi Wegesa amenipigia simu. Jumamosi wanakwenda Kabasa kuangalia ng'ombe wa upande wa kiumeni. Ndiyo desturi. Nilisahau kabisa kwamba ndiyo desturi, na mimi ni mtoto wa Mara!

Nikasema Keraryo anaumwa matumbwitumbwi. Akasema wanakwenda kuangalia ng'ombe, si mashavu. Nikasema barabara mbovu. Akasema ni lami. Nikasema hiyo siku ni mbaya kwa familia yao. Akauliza kwa nini. Nikajifanya mtandao umekatika. Akapiga tena.

Jumamosi, 14 Juni. Bunda.

Ninaandika nikiwa nimejilaza. Kichwa kinaniuma.

Niliwahi Kabasa mapema. Mpango: kutafuta ng'ombe wa kuazima. Nikamkuta mfanyabiashara wa mifugo anaitwa Shija, kundi lake zuri linasubiri mnada. Nikamwomba akubali, kwa muda mfupi tu, kuwa baba mkubwa wa Keraryo. Alikuwa tayari, ila kwa sharti moja, kwamba avae koti. Nikamvisha. Kwa kweli lilimkaa kuliko mimi.

Ujumbe wa Butiama ukashuka: Mzee Magige, baba mdogo na shangazi Wegesa mbele. Shija akaanza vizuri mno, mpaka akawa anamlilia marehemu baba yake Keraryo, mtu ambaye hajapata kumwona. Shangazi hakumsikiliza. Alikuwa anazunguka nyuma ya ng'ombe. Akauliza kwa upole kwa nini ng'ombe wa mahari wamepakwa rangi za mnada ubavuni.

Nilimwomba Mungu ardhi ipasuke. Nikageuka nitoroke, nikagongana kifua na Keraryo.

Ndiye, amekuja kuwapokea wageni, shati limenyooka, viatu vinang'aa, mjomba wake mzee yuko nyuma na fimbo. Nikafumba macho nisubiri ngumi. Badala yake akanikumbatia! Alikuwa analia!

Kumbe yeye na Robi wamependana siku nyingi. Walisoma pamoja chuo cha ualimu kabla yeye hajahamia mambo ya utafiti. Alikuwa anawaogopa mno wazee wa Butiama, kila akijiandaa kutuma mshenga anaahirisha. Ndiyo maana aliniachia eneo lile! Robi alimpigia simu Jumanne ileile kumwuliza mbona hakumwambia kwamba anatuma mtu. Yeye akadhani Robi ameniomba. Robi akadhani yeye ameniomba. Wakaafikiana kwamba mimi nimeona mapenzi yao kwa jicho la kitafiti nikaamua kuwasaidia kimyakimya.

Keraryo aliniambia hakuna mtu aliyewahi kumfanyia wema wa namna hii. Nikasema si kitu. Ni kweli, sikukusudia kitu.

Mjomba akawaambia wageni kwamba hao wa mnada wameonyeshwa kwa makosa, tukaenda kwenye zizi la kweli la marehemu baba yake, kwake mjomba. Shangazi Wegesa akaridhika. Mzee Magige akamshika Keraryo mkono, wakaongozana mpaka kwenye gari wakiongea chini kwa chini. Shija ameondoka na koti, nikamkimbilia hadi mnadani. Alitaka kubaki nalo.

Jumanne, 17 Juni. Buhare.

Hukumu imetoka.

Dk. Susana amezibandika picha zangu ukutani, zote tatu pamoja. Akanyoosha kidole kwa yule wa kahawia mwenye pembe moja. Akaniuliza ninaona nini. Nikaeleza mbegu mpya. Nilieleza vizuri, na uenezaji wake nilikuwa nimeuchorea mishale. Dk. Susana akainamisha uso mezani, mabega yanatikisika. Nikadhani amechukia. Alikuwa anacheka.

Keraryo akaomba ruhusa aseme. Kwanza alinyamaza, ile sala yake. Halafu akaeleza kwamba ni ng'ombe mmoja. Mzee Magige alimtembeza Jumapili nzima akimsimulia kila mnyama alikotoka, kwa sababu mkwe lazima ajue. Yule wa pembe moja alinunuliwa na kaka yake Robi kwa fedha za mabondo. Akawekwa kwa baba mdogo, ambaye watoto wake walikuwa hawana maziwa. Ndama wake wa kwanza akaenda kwa yule wa tatu. Malisho yao ni mamoja, kila mmoja anamwita wake, na hakuna anayedanganya. Wanafanya hivyo kusudi ugonjwa au wezi wakija, zizi moja lisimalize ukoo.

Keraryo alimwomba Mzee Magige ruhusa ya kuitumia habari hiyo. Mzee alikubali, mradi asiandike idadi. Basi hakuandika hata namba moja. Amechora njia za ng'ombe tu: huyu aliingia kwa mabondo, huyu kwa pamba, huyu kwa mahari ya shangazi Wegesa, maziwa yake yanakwenda huku na huku. Dk. Susana alisimama mbele ya ule mchoro muda mrefu. Akasema tulikuwa tunauliza swali lisilofaa. Tulikuwa tunatafuta nyumba iliyotajirika, kumbe fedha ya China ikifika Butiama haikai nyumba moja, inazunguka.

Kisha akanigeukia, hacheki tena, maana ameshaelewa kwamba picha nilizipata kwa kujifanya mshenga. Takwimu zangu zote zimetupwa. Akasema watu hudanganywa na serikali, hudanganywa na wachuuzi, angalau mtafiti asiwe wa tatu. Nikakosa pa kuweka mikono.

Tiketi ni ya Keraryo.

Nilitaka kwenda. Sina neno jingine. Nilitaka kwenda, nisimame pale mbele, niseme jina langu na la kwetu kwenye kipaza sauti. Nimerudi Kigera kwa njia ya nyuma ili nisikutane na fundi viatu.

Alhamisi, 19 Juni.

Bado! Bado kuna mlango mmoja!

Mawazo yamekuja wakati ninaoga. Desturi haiwezi kumruhusu bwana harusi kuvuka bahari wakati mahari haijakamilika. Nimempigia shangazi Wegesa, nikiwa na sauti ya huzuni. Nikamwambia kwamba mimi kama mshenga nimejikuta katika wakati mgumu, lakini nasikia kijana ana mpango wa kwenda Ulaya. Ulaya, shangazi! Huko wakifika hawarudigi.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema bwana harusi yuko huru kusafiri. Asiyeruhusiwa kwenda popote ni mshenga. Mshenga ndiye dhamana. Mpaka binti afike kwa mumewe salama, mshenga anakaa pale anapoonekana. Kisha akaongeza, "Na wewe tumekuona sana, mwanangu. Lile koti linaonekana toka mbali."

Hivyo Keraryo akipanda ndege, mimi ninashikiliwa hapa Mara badala yake.

Jumatatu, 23 Juni. Butiama.

Nimeswaga ng'ombe wa mahari. Mimi, shahada mbili! Lori liliwashusha barabarani, kuingia kijijini ni kwa miguu, na mshenga ndiye anayetangulia. Mtamba mweusi alikataa kufuata mtu yeyote isipokuwa mimi. Alinifuata mpaka uani akiitafuna kola ya manyoya.

Akinamama walipiga vigelegele. Mzee Magige akanikalisha kwenye kile kiti cha mgongo. Robi akaniletea maziwa mwenyewe, safari hii hayakumwagika. Akapiga goti kidogo akasema, "Asante, kaka Prosper. Tungezeeka tunaogopana na wazee." Nilisahau Geneva kwa muda mzuri tu, mpaka nilipomaliza bakuli. Maziwa yalikuwa ya yule wa pembe moja. Matamu. Nasisitiza ile mbegu si ya kawaida.

Nimerudi Kigera nikamkuta Judith amelifua koti, ameshona na kola iliyotafunwa. Ameamua Keraryo asafiri nalo, kwa sababu kanisa lilikwisha kuliombea na maombi hayarudishwi. Nikapinga. Akaniuliza ninakusudia kulivaa wapi, Buhare? Keraryo amekuja kulichukua, amelipokea kwa mikono miwili. Mpumbavu yule ana adabu mpaka inaudhi.

Jumapili, 29 Juni. Kigera.

Leo kanisani wameombea mkutano wa Geneva. Mchungaji akasema ndugu yetu Prosper hayuko Geneva kimwili ila koti lake liko huko. Watu wakapiga makofi. Nikasimama nikapunga mkono, ningefanyaje.

Baada ya ibada picha imeingia kwenye simu. Keraryo yuko kando ya ziwa lao. Koti limening'inia mkononi, shati limeloa jasho, na nyuma yake Wazungu wote wamevaa kaptula. Ameandika kwamba joto la Geneva limezidi la Musoma, na kwamba wasilisho limepokelewa vizuri mno. Mtu hajui kuvaa koti, basi analaumu hali ya hewa! Ningekuwa mimi, ningelifunga vifungo vyote.

Anasema pia kwamba alipomaliza kuzungumza aliitaja ofisi ya Buhare, akanitaja na mimi. Alinitaja kama mshenga wake. Mataifa yote yameandika.

Nimekaa kibarazani kutafakari nilichojifunza mwezi huu. Ninashukuru. Nimejifunza kwamba kosa langu lilikuwa dogo sana: nilichagua kazi ya mshenga, kazi yenye desturi nyingi mno. Mbinu yenyewe ni salama kabisa.

Na nafasi imekuja! Dk. Susana ametuma ujumbe kwamba utafiti unaofuata ni wa dhahabu, ile ya wachimbaji wadogo huku kwetu, inauzwaje hadi Dubai na inaacha nini kijijini. Mkutano wake ni Singapore. Ametuomba mimi na Keraryo tuanze kwa kukaa na watu, tusiwe na haraka, tuseme ukweli.

Keraryo na akae anavyotaka. Hakuna mchimbaji atakayemtajia mtu dhahabu yake kwa kumenya naye mihogo. Wanaitaja mahali pamoja tu: siku ya shukrani, mbele ya madhabahu, wakiwa na furaha na hofu ya Mungu. Kinachotakiwa ni mtu wa kuwapokea pale mlangoni na kuwauliza taratibu wanashukuru kwa ajili ya kiasi gani. Mtu mwenye kanzu nyeupe. Katekista Eliud wa hapa mtaani tunalingana kimo, na kanzu anazo mbili. Nimeshamwuliza Judith kama katekista ni mtu wa kukopeka. Ameniuliza kwa nini, nikasema ni udadisi tu. Amesogeza sufuria karibu na mkono wake, tayari kwa kunirushia.

Kesho asubuhi nakwenda kwa Eliud. Safari hii sitakosea hata kidogo, maana hata jina nimekwisha kuliandaa. Wakiniuliza, ninaitwa Keraryo. Nimelichunguza kwa makini, jina hilo lina bahati.